Kwa Baisikeli Katika Nchi ya Mtakatifu Katarina wa Siena

Kila mwaka, Dominika ya kwanza ya mwezi wa Oktoba, mji mdogo wa Gaiole, ulio katika vilima vya Chianti, nchi ya Toscana huko Italia, huamka kungali usiku. Baisikeli zimepangwa barabarani kwa mamia. Nazo si zile nyepesi za leo ambazo mtu huweza kuziinua kwa vidole viwili, bali ni za chuma, za zamani, zilizopakwa rangi upya na kung'arishwa kama vyombo vya altare usiku wa Pasaka. Wenye kuzipanda wamevaa fulana za sufu kama walizovaa babu zao, na mpira wa akiba wameuvaa mabegani, umepita kifuani na mgongoni kwa namna ya msalaba. Kila mmoja ana kijitabu mkononi kitakachopigwa muhuri njiani. Basi huanza safari gizani, na wapandapo kuelekea ngome ya kale ya Brolio, huiona njia imewekwa mishumaa kandokando, miali midogo mingi inayotetemeka chini ya miberoshi mirefu, hata mgeni angedhani kwamba Ekaristi Takatifu itapita pale kwa maandamano.

Safari hiyo huitwa L'Eroica, yaani ya kishujaa. Ni kilometa 209 kwa wenye nguvu, nazo zimo njia fupi zaidi kwa wengine. Kwa kweli si mbio, maana hakuna mshindi, wala anayefika wa mwisho haonewi haya. Huenda ikawa yeye ndiye aliyekula vizuri kuliko wote njiani. Ilianza mwaka 1997, watu 92 tu, kwa shauri la Giancarlo Brocci, mwenyeji wa Gaiole. Leo hufika maelfu, toka nchi nyingi za dunia.

Nimependa kuwaelezeeni habari za njia hii, wasomaji wapenzi, kwa sababu inapita katika nchi ambayo sisi Wakristu tunazisikia habari zake kanisani bila kujua mahali penyewe palivyo. Na tena kwa sababu limo ndani yake shauri moja la barabara linalotuhusu sana sisi watu wa Kongo, ingawa kwa kuligeuza juu chini.

Kanuni za safari

Baisikeli (au kinga, kama wengi wetu tunavyoiita nyumbani) ni lazima iwe imetengenezwa kabla ya mwaka 1987. Vishikizo vya kubadili mwendo viwe kwenye bomba la fremu, chini, ambako mpandaji huinama kidogo na kuachilia usukani kwa mkono mmoja kila anapotaka kubadili. Nyaya za breki zionekane nje. Pedali ziwe na vile vikapu vya chuma na mikanda ya ngozi ya kushika mguu. Anayefika na kinga ya kisasa hataruhusiwa, hata akiwa tajiri.

Kanuni hizi si michezo ya watu wasio na kazi tu. Walioanzisha safari hii walikuwa na kusudi lao. Katika miaka ile, barabara nyeupe za Toscana, zile zisizotiwa lami, zilikuwa zikitoweka moja baada ya nyingine. Kila mwaka kipande fulani kilifunikwa lami. Brocci na wenzake waliona kwamba kizazi kimoja kikipita, hakuna mtu atakayejua tena barabara za baba zake zilikuwaje. Nao hawakuandika barua nyingi za malalamiko kwa serikali. Waliwaita watu waje kuzipanda. Leo njia nzima ina vibao vyake vya kudumu, na mtu huweza kuifuata siku yoyote ya mwaka, peke yake au na jamaa yake, kwa siku moja au kwa siku nne, bila kuandikishwa popote.

Barabara nyeupe hutengenezwa kwa mawe madogo ya chokaa yaliyopondwa, yakamwagwa juu ya udongo na kushindiliwa. Jua la kiangazi huzifanya zing'ae hata macho huuma. Zilifanyika kwa ajili ya magari ya ng'ombe, kutoka shamba hata shamba, kutoka shamba hata kanisa. Ndiyo maana hazinyoki: kila nyumba ilitaka kupitiwa.

Udongo uliotoka baharini

Kusini ya mji wa Siena nchi hubadilika. Misitu ya Chianti na mizabibu yake huachwa nyuma, na mbele yake huonekana vilima vitupu, vya mviringo, kilima nyuma ya kilima, kama mawimbi ya ziwa Tanganyika siku ya upepo wa kusi. Wenyeji huiita nchi hiyo Crete, yaani nchi ya udongo wa mfinyanzi. Wanafunzi wetu wa jiografia wasikie neno hili: mfano wa mawimbi haukutoka kwa mwandishi tu, kwa kuwa bahari ilifunika kweli mahali pale, zamani sana, miaka milioni mbili au tatu na zaidi iliyopita, na udongo huo ni matope ya chini ya maji yake. Jembe la mkulima hufukua makombe ya bahari hata leo, ingawa maji ya bahari yako mbali.

Udongo huo ni mgumu kwa mpandaji wa baisikeli. Milima si mirefu, lakini haina huruma: unapanda kwa nguvu zote, unashuka mara moja, na kabla hujavuta pumzi kilima kingine kimekungoja. Katika njia ile ndefu, ukijumlisha mipando yote, utapata zaidi ya meta 3,000, kama kwamba umeanza pwani ya bahari na kupanda hata kimo cha milima mikubwa ya Kivu. Kipande cha Monte Sante Marie, karibu na Asciano, chenye kilometa 11 na nusu za changarawe, ndicho kinachoogopwa zaidi. Kimepewa jina la Fabian Cancellara wa Uswisi, aliyeshinda mara 3, mwaka 2008, 2012 na 2016, mashindano ya mabingwa yapitayo hapo.

Wakati wa njaa, vituo viko. Hapo wasafiri hupewa mkate wa Toscana, ambao hautiwi chumvi, pamoja na mafuta ya zeituni; hupewa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na supu nzito ya maharage, kabichi nyeusi na mkate wa jana, iitwayo ribollita, maana yake "iliyochemshwa tena". Ni chakula cha maskini: kilichobaki jana kilirudishwa motoni. Divai ya Chianti nayo ipo, na wengi huinywa katikati ya safari, jambo ambalo waalimu wa michezo hawalisifu.

Mahujaji na watakatifu

Karibu na Torrenieri njia yetu hukutana na njia nyingine iliyo ya kale kuliko zote, njia ya mahujaji waliotoka kaskazini ya Ulaya kwenda Roma kwenye makaburi ya Mitume. Mwaka 990, Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury katika Uingereza, alikwenda Roma kupokea kwa Baba Mtakatifu ule ukanda mweupe wa sufu wa maaskofu wakuu. Aliporudi, majina ya vituo vyake karibu 80 yaliandikwa, na Torrenieri imo, na San Quirico imo, na Siena imo. Karatasi ile ndogo ndiyo inayotuwezesha leo kuijua njia yenyewe. Huko Siena, mbele ya kanisa kuu, liko bado jengo kubwa la Santa Maria della Scala, lililowapokea mahujaji, wagonjwa na watoto waliotupwa kwa mamia ya miaka. Sasa limekuwa nyumba ya makumbusho.

Anayeiacha njia kidogo ataiona Pienza. Zamani kilikuwa kijiji kisicho na sifa, jina lake Corsignano. Mwaka 1405 alizaliwa hapo mtoto aitwaye Enea Silvio Piccolomini, ambaye mwaka 1458 alichaguliwa kuwa Papa, akachukua jina la Pius II. Hakukisahau kijiji alikozaliwa. Alimwita mjenzi Bernardo Rossellino, na katika miaka michache vibanda vikageuka kuwa mji mzuri wenye kanisa kuu, nyumba ya askofu na kiwanja chake, ukapewa jina jipya kutoka jina la Papa. Mtu aweza kuuliza kama fedha ile isingalitumika vizuri zaidi mahali pengine, na wengine waliuliza. Mimi nitasema tu kwamba wakubwa wengi wa siku hizi hujenga mbali sana na walikozaliwa.

Huyo Pius II ndiye aliyemwandika Katarina wa Siena katika hesabu ya Watakatifu, mwaka 1461. Katarina alizaliwa mwaka 1347, binti wa mtia rangi vitambaa, katika nyumba yenye watoto zaidi ya ishirini. Hakupata masomo ya shule. Lakini alimwandikia Papa Gregori XI, aliyekaa Avignon katika Ufaransa, alimwendea, alimsihi arudi kwenye kiti chake. Naye akarudi Roma mwaka 1377. Katarina alikufa mwaka 1380, umri wake miaka 33. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, na mwaka 1999 Papa Yohane Paulo II akamfanya msimamizi wa Ulaya pamoja na wengine.

Katikati ya vilima vya udongo, kati ya Asciano na Buonconvento, iko monasteri ya Monte Oliveto Maggiore, iliyojengwa kwa matofali mekundu katika msitu wa miberoshi. Bernardo Tolomei, mtu wa jamaa kubwa ya Siena, aliacha mali na heshima mwaka 1313 akaenda kuishi jangwani pale pamoja na wenzake wawili. Wakafuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Mwaka 1348, tauni kubwa ilipouua mji wa Siena, Bernardo hakubaki salama mlimani. Alishuka mjini kuwauguza ndugu zake watawa, akafa pamoja nao, na kaburi lake halikujulikana. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Kwenye kuta za ua wa monasteri zimechorwa picha za maisha ya Mtakatifu Benedikto, kazi ya Signorelli na baadaye ya Sodoma, nazo ni kati ya picha zinazosifiwa sana katika Italia. Mpandaji mwenye vumbi hata nyusini huruhusiwa kuziona, mradi aingie kwa adabu.

Nusu kwa nusu

Wageni wanaotazama vilima hivi husema, "Mungu ameumba uzuri gani!" Ni kweli. Lakini ile miberoshi iliyopangwa mstari, zile ngano, ile mizeituni, ile nyumba ya mawe peke yake juu ya kilima, ni kazi ya watu, tena ya watu ambao hawakuwa na mali yoyote.

Kwa mamia ya miaka shamba la Toscana lililimwa kwa mapatano yaitwayo mezzadria, neno lenye maana ya nusu. Ardhi ilikuwa ya bwana, na nyumba ilikuwa yake. Mkulima na jamaa yake nzima, mababu na wajukuu pamoja, walitoa mikono yao, na mavuno yakagawanywa: nusu kwa bwana, nusu kwao. Mwaka wa mvua njema walikula. Mwaka mbaya walikopa kwa bwana, na deni likaandikwa kitabuni. Mara nyingi kijana hakuweza kuoa mpaka bwana akubali, kwa maana ndoa ilibadilisha hesabu ya mikono na ya vinywa katika shamba. Bwana alipoona jamaa haimfai, aliifukuza mwisho wa mwaka, nayo ikapakia vyombo kwenye gari la ng'ombe na kutafuta kilima kingine.

Baada ya vita ya pili ya dunia, vijana wakachoka. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakashuka kwa maelfu kwenda viwandani na mijini. Sheria ya mwaka 1964 ilikataza kufanya mapatano mapya ya namna hiyo. Kumbe, haki ilipofika, wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Nyumba zikabaki tupu, mapaa yakaanguka. Kisha wakaja matajiri toka mbali wakazinunua, wakazitengeneza vizuri, na leo mgeni hulipa fedha nyingi kulala usiku mmoja katika zizi ambamo mkulima alilala bure na ng'ombe wake ili apate joto. Barabara nyeupe ndiyo karibu peke yake iliyobaki kama wakulima wale walivyoiacha.

Bartali na Coppi

Wanaovaa fulana za sufu huko Gaiole hugawanyika makundi mawili hata leo: watu wa Bartali na watu wa Coppi. Wote wawili walikwisha kufa zamani, lakini ubishi haujafa.

Gino Bartali alikuwa mtoto wa Toscana, alizaliwa mwaka 1914 katika Ponte a Ema, karibu na Firenze. Alishinda mbio kuu za Ufaransa mwaka 1938, na baada ya miaka 10, vita ikiwa imekula ujana wake, alizishinda tena mwaka 1948. Alikuwa mtu wa Aksyo Katolika, hakuficha rozari yake, na magazeti yalimwita mchaji. Miaka ya vita, 1943 na 1944, Wayahudi walipowindwa katika Italia, Askofu Mkuu wa Firenze, Kardinali Elia Dalla Costa, aliwaagiza mapadri na watawa wawafiche. Bartali alipanda baisikeli yake kama mtu anayejizoeza kwa mashindano, na ndani ya mabomba ya fremu, chini ya kiti, zilikuwamo picha na karatasi za kutengenezea vitambulisho vya uongo, akizipeleka kati ya Firenze na Assisi. Jamaa moja ya Wayahudi aliificha katika nyumba yake, kama mtoto wa jamaa ile alivyoshuhudia baadaye. Nani angemshuku? Askari waliomsimamisha walimjua kuwa bingwa. Yeye mwenyewe hakupenda kusimulia, na alikufa mwaka 2000 habari hizo zikiwa zimejulikana kidogo tu. Mwaka 2013, huko Yerusalemu, jina lake liliandikwa kati ya Wenye Haki wa Mataifa. Wako wanahistoria wanaobishana juu ya wingi wa safari zile, na ni haki yao, maana mambo ya siri hayaachi daftari.

Fausto Coppi, mpinzani wake, kifo chake kinatugusa sisi Waafrika. Desemba ya mwaka 1959 alikwenda pamoja na mabingwa wengine katika Upper Volta, nchi iitwayo leo Burkina Faso, kushindana na kuwinda. Aliporudi Italia akashikwa na homa kali. Waganga wake wakafikiri ugonjwa mwingine, wakampa dawa zisizofaa. Ilikuwa malaria. Akafa tarehe 2 Januari 1960, umri miaka 40. Mwenzake Geminiani, Mfaransa, aliyeumwa vilevile, damu yake ilipimwa vizuri, akapewa kwinini, akapona. Mama yeyote wa Uvira au wa Kalemie angaliutaja ugonjwa ule kabla ya kugusa paji la uso.

Vumbi lao na tope letu

Hapa nafika kwenye shauri nililolisema. Mtu wa Shabunda au wa Walikale, ambaye amewahi kulala siku tatu nyuma ya gari lililozama katika tope, akisikia kwamba wako watu wanaopigania barabara yao isitiwe lami, atacheka mpaka machozi. Kwake barabara ya udongo ndiyo sababu ndizi zinaoza, sababu mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hafiki hospitali. Kwao ni urithi wa kutunzwa. Je, nani mwenye akili?

Ninafikiri wote wawili, na sababu ziko wazi. Kwanza, hakuna kijiji katika vilima vya Siena kisicho na barabara nyingine ya lami karibu. Gari la wagonjwa halipiti Monte Sante Marie kama halitaki. Barabara nyeupe inaweza kupendwa kwa sababu haibebi tena mzigo wa maisha yote.

Pili, na hili ndilo ningetaka wakubwa wetu walisikie, barabara zile hutunzwa. Changarawe humwagwa upya, mashine hulainisha, mitaro ya pembeni husafishwa ili maji yasipite katikati. Barabara bila lami si lazima iwe shimo. Nazo hata hivyo si mbinguni: mwaka 2010 mbio kuu za Italia zilipita huko kuelekea Montalcino siku ya mvua kubwa, na Cadel Evans wa Australia, bingwa wa dunia wa mwaka ule, alifika wa kwanza amepakwa tope hata rangi za fulana yake hazikutambulikana. Picha ile ingaliweza kupigwa kwetu.

Wazee wetu wanawakumbuka makantonie wa zamani, kila mmoja na kipande chake cha barabara, jembe lake na toroli lake. Kazi hiyo wakati wa ukoloni ilikuwa mara nyingi ya kulazimishwa, kwa mshahara mdogo au bila mshahara, na anayeisifu bila kusema hilo anadanganya vijana. Lakini mtaro uliochimbwa ulipitisha maji. Tulipopata uhuru tungaliweza kuiacha fimbo na kuuhifadhi mtaro. Sehemu nyingi tumepoteza mtaro, na fimbo imerudi kwa njia nyingine, pale kwenye vizuizi ambako muuza viazi hulipishwa kila kilometa chache.

Maana kwetu baisikeli si mchezo. Huko Goma chukudu, ile ya mbao tupu, imesimamishiwa sanamu katika njia panda, na ni haki: viazi na kabichi za Kivu ya Kaskazini zimeteremka mjini juu yake miaka mingi. Katika Kasai wanaume husukuma kwa miguu baisikeli zilizobeba mafuta ya mawese na mahindi mwendo wa siku nyingi, mti umefungwa kwenye usukani ili kuielekeza. Kama kuna neno "kishujaa", limefika hapo pia, bila mishumaa.

Nasi tumepata kuona mabingwa karibu na mlango wetu. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, mashindano ya baisikeli ya ubingwa wa dunia, yaliyoanzishwa mwaka 1921, yalifanyika Kigali katika Rwanda, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Upande wa huku wa ziwa Kivu, Goma na Bukavu zilikuwa mwaka huohuo katika taabu ya vita, na wengi hawakuwa na moyo wa kutazama michezo. Mshindi wa wanaume katika njia ya kilometa 267 na nusu, yenye vilima visivyohesabika, alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia.

Kupanda kuelekea Siena

Huyo Pogačar anazijua vilevile barabara nyeupe. Mashindano ya mabingwa yaitwayo Strade Bianche yalizaliwa kutoka L'Eroica mwaka 2007, na sasa hufanywa mwezi wa Machi, wakati ngano ni mbichi na vilima vya udongo vimekuwa kijani kwa majuma machache. Njia ya wanaume ni zaidi ya kilometa 200, na mwaka 2025 kilometa kama 80 zilikuwa za changarawe. Mwaka 2025 Pogačar alianguka vibaya zikiwa zimebaki kilometa 50 hivi, akainuka na nguo zilizopasuka, damu katika mkono na goti, akashinda kwa mara ya tatu.

Lakini sehemu ambayo watazamaji huigombania ni ya mwisho. Wapandaji hushuka hata bonde la Fontebranda, chini ya kuta za Siena, ambapo watia rangi na watengeneza ngozi wa zamani walichota maji kwenye chemchemi kubwa ya matao. Kisha huingia lango la mji, na mbele yao husimama njia nyembamba ya mawe, kati ya nyumba ndefu, kali kama ngazi: mahali pengine kwa kila meta 100 unapanda meta 16. Ni barabara ya Mtakatifu Katarina, Via Santa Caterina, na nyumba aliyozaliwa, ambayo sasa ni mahali pa sala, iko kando ya mpando huo. Pale Katarina alipanda na kushuka na mtungi, na chakula cha maskini, na nguo za wagonjwa wa tauni. Pale mabingwa huinuka vitini, hutikisa usukani kulia na kushoto, na yule aliyekuwa mbele kwa kilometa nyingi huweza kuachwa katika hatua chache. Juu wanageuka kulia, wanapita kati ya kuta, na ghafula kiwanja cha Campo hufunguka mbele yao, chenye umbo la kombe, kimeinama kuelekea mnara wa mji.

Wanawake nao wana mashindano yao tangu mwaka 2015, siku ileile na mpando uleule. Wao hufika kwanza, wanaume wakiwa bado mbali katika vumbi.